Mke Wangu na Kazi ya Kusema Hatuna Kazi

Siku mke wangu alipopata kazi ya kuzungumza juu ya watu wasio na kazi, nilikuwa nimeketi kando yake, nimevaa suti ya harusi yetu. Mimi ndiye niliyekwenda pale kuzungumza. Yeye alikuwa amenisindikiza tu, na mtoto mgongoni.

Tulikuwa tunaishi Kitale, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko. Sote wawili tulisomea ualimu wa sekondari. Tulikutana chuoni, tukahitimu pamoja, tukaoana, tukakaa kungoja kuajiriwa na serikali. Tulingoja mpaka watu wakaacha kutuuliza kama tumeitwa. Yeye akawa anauza mitumba ya watoto. Mimi msimu wa mahindi nilishinda kwenye stoo za nafaka nikishona midomo ya magunia, na jioni nilifundisha tuisheni kwa familia moja ya Kihindi yenye duka la vifaa vya ujenzi. Mama wa nyumba ile aliniita mwalimu na kunikaribisha chai. Vijana wa kupakia magunia nao waliniita mwalimu, ila wao walikuwa wanacheka.

Tangazo la mkutano tulilisikia kanisani. Kaunti na shirika moja la misaada walikuwa wanaunda jopo la kutafuta suluhisho kwa vijana wa jamii ndogo waliosoma na hawana kazi. Mwenye maoni aje. Mimi sikulisikia neno "ndogo". Nilisikia "waliosoma na hawana kazi", nikajua wananiita mimi.

Wiki nzima nilijitayarisha. Nilikuwa nikisema hotuba yangu huku mke wangu anachagua mchele ama anaosha mtoto, naye ananisahihisha. Sentensi moja niliipenda kuliko zote, nikaiweka ya mwisho ili niketi nayo: kwamba mtoto wa huku anafundishwa kwa lugha ya watu wengine, kwa ajili ya kazi ya watu wengine, na kazi hiyo ikikosekana anaambiwa yeye ni mvivu.

Ukumbi wa hoteli ulijaa. Nilisimama, nikasema, na nilisema vizuri. Watu walipiga makofi mara kadhaa. Nilikuwa nakaribia ile sentensi wakati mwenyekiti aliponyanyua kalamu yake.

"Mwalimu, umeongea poa sana. Lakini hebu tuambie, wewe ni wa wapi?"

"Bungoma."

"Bungoma ya huko juu kwa mlima ama ya chini?"

"Ya chini."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti naye akatabasamu. "Sasa rafiki yangu, hii ni ya jamii ndogo. Nyinyi ni wengi bana. Mko na watu wenu kila ofisi."

Nilitaka kumwambia kwamba watu hao wangu wa kila ofisi sijawahi kuonana nao hata mmoja. Lakini tayari mama mmoja mzee wa upande wa Endebess alikuwa anamwonyesha mke wangu kwa kidole. "Na huyu mwenye mtoto? Huyu ni msichana wetu. Yeye hana maneno?"

Mke wangu ni Msabaot, wa ile jamii ndogo ya mlimani, wa juu ya Endebess, msitu unapoanza. Mimi ni Mbukusu, wa wale wengi wa chini. Kwetu nyumbani jambo hilo lilikuwa la utani tu: nani anakula ugali mwingi, nani anapenda maziwa ya kibuyu. Sikuwahi kuliona likiwa na kazi yoyote mpaka asubuhi ile. Alisimama, akamrekebisha mtoto mgongoni, akasema hakuja na maneno ya kusema. Kisha akasema dakika chache tu. Alimaliza kwa sentensi yangu.

Makofi aliyopigiwa sitayasahau. Mtoto aliamka akaanza kulia na bado hawakuacha. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshachaguliwa katibu wa jopo, kazi ya mkataba, na ofisi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mlangoni nikamgeukia.

"Ile ilikuwa sentensi yangu."

"Ipi?"

"Unaijua."

Akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka aliacha wapi funguo. "Si mimi nilikuambia hayo? Siku ile nilikuwa nachagua mchele. Wewe ukasema ngoja niandike."

"Nilikuwa nimeiweka ya mwisho."

"Basi ungeanza nayo," akasema, akaingia ndani kuwasha jiko.

Mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Nimejaribu kuirudia siku ile ya mchele kichwani, na kila nikiirudia nasikia sauti yangu. Lakini wivu una masikio yake.

Baada ya hapo asubuhi zetu ziligeuka. Alikuwa anatoka amevaa viatu vya kisigino kifupi na kitambulisho shingoni, bodaboda anamngoja nje akimwita madam. Mimi nilibaki nikimnywesha mtoto uji. Jioni alileta habari: leo tulikaa na mkurugenzi fulani, leo tulikwenda Kiminini kuwasikiliza vijana, wanateseka, kuna mmoja ana digrii na anachunga ng'ombe wa mjomba wake. Alisema haya kwa uchungu wa kweli, huku anakula chakula nilichopika mimi, mwenye digrii, nikitoka kushona magunia. Niliondoa sahani tu.

Kisha akaja mgeni. Alikuwa mama wa Kimaori kutoka Nyuzilandi, mnene, mwenye nywele nyeupe na alama za wino kidevuni, aliyealikwa na lile shirika kueleza namna watu wake walivyopambana na shida kama yetu. Mke wangu ndiye aliyemtafsiria. Nilikwenda nikakaa nyuma.

Yule mama alieleza bila haraka. Alisema bibi yake alichapwa shuleni kwa kusema Kimaori. Alisema wanaume wa kwao walitoka mashambani wakaenda mijini kufanya kazi viwandani na relini, na kazi zile zilipofungwa wao ndio waliotolewa kwanza. Baada ya hapo kila serikali ilikuja na dawa yake, ikaita mikutano, ikaondoka, na inayofuata ikaanza upya. "Tumejifunza," mke wangu akatafsiri, "kwamba mtu akija na suluhisho lililokwisha kupikwa, tumuulize kwanza alipikia jikoni kwa nani." Ukumbi ulicheka. Akaeleza jinsi bibi zao walivyoanza kukusanya watoto wadogo, hata gereji na sebule zikawa madarasa, wakisema nao Kimaori peke yake; wakaviita viota vya lugha. Hakudai kwamba kiota kinaleta kazi. Alisema mtoto aliyetoka humo alikwenda kutafuta kazi akiwa na mgongo ulionyooka.

Alipomaliza akamsalimu mke wangu kwa desturi yao, paji kwa paji na pua kwa pua, wakavuta pumzi pamoja. Mke wangu alipoinua uso alikuwa na machozi. Nami nikajikuta nawaonea wivu hata Wamaori, kwamba walikosa kazi na bado walikuwa na mtu wa kusafiri bahari zote kuja kueleza kukosa kwao, na kwamba kukosa kwangu hakukuwa na hata mkutano wa kata.

Miezi michache baadaye jopo likachagua wajumbe wa kwenda Nyuzilandi kujionea. Mke wangu alikuwa wa kwanza kutajwa.

Sikumzuia. Nilimshonea zipu ya begi, nikamsindikiza mpaka gari la kwenda uwanja wa ndege lilipoondoka. Halafu nikarudi stoo. Siku ya tatu kijana mmoja wa kupakia akaniletea simu yake. Kundi la habari za kaunti lilikuwa limetuma picha: mke wangu, amefumba macho, paji lake limegusana na la mwanamume mmoja mrefu mwenye mabega kama mlango.

"Mwalimu," akasema, "si huyu ni bibi yako? Ati anafanyiwa nini?"

"Ni salamu ya huko."

"Sawa. Hata mimi nikienda nitapeana pua."

Wenzake wakaangua kicheko. Nilishona magunia siku hiyo kwa kasi hata msimamizi akanisifu.

Alipopiga simu ilikuwa mchana kwetu na kwake giza limeshaingia. Nikamuuliza yule ni nani. Akacheka kidogo, akaniambia ni mwalimu. Amesoma mpaka chuo kikuu, akafundisha kidogo, shule ikafungwa, sasa hana kazi kwa muda mrefu. Anakuja mikutano yote, anaketi nyuma.

"Nilimwambia nyumbani niko na mmoja kama yeye," akasema.

"Ukamwambia hivyo."

"Aliuliza unaitwa nani. Alisema nikusalimie."

Kwa upande mmoja niliguswa, kwamba kuna mtu mwisho wa dunia ameketi kwenye kiti kama changu. Kwa upande mwingine niliona mke wangu amekwenda mbali kote huko kukutana na mimi, na kwamba yule mimi wa huko amemsikiliza kwa uso mtulivu kuliko wangu.

Nilimchukua mtoto nikaenda Bungoma kwa mama yangu. Mama anakaa peke yake kwenye shamba dogo tangu baba alipofariki. Baba alikuwa karani wa serikali, na tulikulia kwenye nyumba za serikali mjini, ambako alikataza Kibukusu mezani. Shuleni nako aliyesema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwingine. Nilikivaa mara nyingi darasa la kwanza, halafu nikajifunza kunyamaza, halafu nikasahau. Leo Kibukusu nakisikia, lakini kikifika ulimini kinakwama.

Mama alinitazama nikimlisha mtoto. "Bibi yako amekwenda nchi gani hiyo?"

"Nyuzilandi, mama. Kutafuta njia ya vijana kupata kazi."

"Na wewe kazi hukupata?"

"Sijapata."

"Basi angetafutia hapa kwanza," akasema, kisha akaona uso wangu, akaongeza taratibu, "Lakini usimnunie akirudi. Baba yako alininunia mimi nilipochaguliwa mweka hazina wa akina mama kanisani. Mwaka mzima. Chakura hakikuwa na chumvi, chai ni baridi, kira kitu kibaya." Mama huchanganya r na l kama watu wengi wa rika lake kwetu. Alikuwa hajawahi kuniambia habari hiyo, na aliisema akimenya ndizi, kama jambo la jirani.

Mke wangu alirudi na wazo moja. Alitaka Endebess kuwe na kiota: watoto wadogo asubuhi, na bibi wanaokijua Kisabaot vizuri, walipwe posho, wakae nao, waimbe nao, wapike nao. Nikamuuliza hilo linahusiana vipi na vijana wenye vyeti wanaozurura Kitale.

"Jopo liliundwa kwa ajili ya kazi," nikasema. "Lugha haipiki ugali."

"Na cheti chako kimepika ngapi?"

Alijuta kabla hajamaliza. Niliona. Alishika mkono wangu, akasema hakumaanisha hivyo, na mimi nikasema najua. Tulikaa hivyo, mkono juu ya mkono, mpaka mtoto alipokuja kuitenganisha.

Kwenye jopo vita vilikuwa vikubwa zaidi. Mwenyekiti alitaka jengo jipya lenye jiwe la uzinduzi, kwa sababu jengo hupigwa picha. Mwanasiasa wa wadi alitaka walimu wa kiota wawe jamaa zake, na hao jamaa hawakukijua Kisabaot kuliko mimi. Vijana waliosoma nao walikasirika, na kwa haki: mikutano yote ile, halafu kazi zinapewa bibi wasiojua kuandika. Mke wangu alikuwa anarudi sauti imekauka. Siku moja aliniambia amechoka kuwa mtu wa kila upande kumlaumu. Nilimpa maji ya moto na asali. Ndani yangu kulikuwa na kitu kidogo cha furaha, na nilikificha kama mtu anavyoficha peremende kanisani.

Hatimaye alipata chumba cha kanisa huko juu, bila jiwe la uzinduzi, na bibi wanne. Mmoja wao alikuwa mama yake. Sehemu nyingine ya fedha ilikwenda kufundisha vijana kuendesha trekta na kutengeneza mashine za kukamua maziwa. Wachache walipata kazi. Wengi bado. Mwenyekiti wa jopo alibadilishwa baada ya uchaguzi, akaja mwingine, na wa pili naye akaanza kwa kuitisha maoni.

Tulihamia Endebess. Mimi nilipata nafasi katika shule ya binafsi ya hapo, mshahara mdogo lakini ubao ni wangu. Asubuhi nilikuwa nikimpeleka binti yetu kwenye kiota kabla ya kwenda darasani. Lakini kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe hawapeani mkono wala hawaketi chumba kimoja. Kwa hiyo nilikuwa nikimfikisha mtoto mlangoni, nageuza uso, mama mkwe anamchukua akiwa amegeuza wake. Kisha nasimama nje chini ya dirisha kidogo, nasikiliza.

Walikuwa wanacheka sana humo ndani. Sauti ya binti yangu niliitambua, ila maneno hayakuwa yangu. Jioni aliketi na mama yake jikoni, wanaongea, wanacheka, na nikiuliza wamesema nini mke wangu anasema, "Ni kitu kidogo tu, hakitafsiriki." Siku moja nikamuuliza mtoto mwenyewe.

"Baba hajui," akamwambia mama yake, kwa Kiswahili, ili nisikie.

Ile kazi ya ofisini ya mke wangu nilikuwa nimeshaanza kuizoea. Safari ya Nyuzilandi nayo ilikuwa inageuka hadithi ya wageni. Lakini maneno hayo mawili yalinikosesha hamu ya kula. Nyumbani kwangu kulikuwa na chumba ambacho wawili waliingia na mimi nikabaki mlangoni.

Jumamosi iliyofuata nikambeba mtoto tukateremka Bungoma. Nikamwambia mama nataka mtoto awe anakuja kwake kila nikipata nafasi, na yeye amsemeshe Kibukusu peke yake, asichanganye Kiswahili hata akililia.

Mama aliendelea kuchambua mboga. "Wewe mwenyewe nilikusemesha. Baba yako akakataza, ukamtii."

"Najua."

"Sasa unataka kwa sababu unataka, ama kwa sababu bibi yako ana lugha yake?"

Mama alimwita mtoto, akamketisha kwenye kigoda, akamwonyesha kuku aliyekuwa anapita.

"Engokho," akasema.

"Engokho," mtoto akasema, wazi kabisa, kama aliyezaliwa nalo. Mdomo uliokwisha kujifunza lugha moja ya bibi haukuona tabu ya pili.

Imekuwa desturi sasa, wikendi moja Endebess, nyingine Bungoma. Mkataba wa mke wangu huongezwa mwaka hadi mwaka, na kila mwaka unapokaribia kwisha hatulali vizuri, yeye kwa hofu, mimi kwa hofu na kitu kingine ambacho sikipi jina. Bado namwonea wivu. Anaposimama mbele ya watu mimi bado huhesabu yale maneno ambayo ningeyasema vizuri zaidi.

Mwezi uliopita alikuja nasi Bungoma. Tulikuwa uani. Mama na mtoto walikuwa kando ya jiko la nje, wanageuza busuma, yaani ugali, na mtoto anaongea mfululizo, mikono inakwenda. Mama akamjibu kitu kirefu, mtoto akacheka mpaka akaketi chini.

Mke wangu akanivuta shati. "Wanasema nini?"

Nilikuwa nimeshika neno hapa na neno pale: jirani, mvua, na kitu kuhusu miguu yangu. Mengine yalinipita. Ningeweza kumwambia kwamba hakitafsiriki. Nilimtazama, alikuwa amekunja uso kidogo, shingo imerefuka kuelekea jikoni, na nilikijua vizuri kile kilichokuwa usoni mwake.

"Sijui," nikasema. "Twende tuwaulize."